Kubuni ukiwa peke yako: mwongozo kwa anayeishi katika nyumba yenye watu wengi

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule walipenda kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa finyu na ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, akiona nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likapata neno la kumtania nalo.

Kisha siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua vyombo viwili vidogo vya kioo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akavisukuma ndani ya jokofu. Aliporudi baada ya saa moja, chombo kilichoanza na maji ya moto ndicho kilichokuwa na barafu zaidi. Mwaka 1969 jambo hilo lilichapishwa katika jarida la Physics Education likiwa na jina lake pamoja na la Denis Osborne, aliyekuwa profesa wa fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafizikia duniani hadi leo wanaliita kwa jina la Mpemba, huku wakiendelea kubishana hutokea lini na kwa nini.

Nimemtaja yeye kwanza kwa sababu kisa chake kimebeba kila kitu ambacho mwongozo huu unataka kukusaidia kukipata: swali lake mwenyewe, mlango uliokuwa wazi, saa moja isiyo na macho ya watu, na vifaa ambavyo hakuna aliyemhoji anavifanyia nini. Yeye mlango aliukuta wazi. Wewe huenda ukalazimika kuufungua kwa mikono yako, maana wengi wetu tunaishi chumba na sebule, au nyumba ya kupanga yenye uwani mmoja, bomba moja na majina yanayoitwa tangu alfajiri hadi usiku. Naamini kabisa kwamba mawazo mengi mazuri ya watu wetu hufia hapo, kwa kukosa saa moja tu ya kutoitwa.

Neno moja kabla ya hatua zenyewe. Utaambiwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, na hatua ya mwisho ya mwongozo huu inakurudisha kwa watu. Lakini wahenga haohao walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hilo limewahi kupimwa. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwaweka watu wanne wanne wabuni mawazo kwa pamoja. Wengine wakabuni kila mtu peke yake, kisha mawazo ya wanne wa namna hiyo yakajumlishwa, yaliyojirudia yakihesabiwa mara moja tu. Waliofanya peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, na bora zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa ya jambo hilo: kikaoni huongea mmoja kwa wakati, na anayesubiri zamu husahau alichokuwa nacho, au kikifika kinywani amekwisha kukiona hakina maana. Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo au cha ofisi unalijua hilo bila kuambiwa na mtafiti.

Hatua ya kwanza: Pata swali kabla ya kutafuta upweke

Watu wengi huanza kinyume. Wanaomba muda wa peke yao, wanaupata, wanakaa, na baada ya dakika kumi wanajikuta wanawaza kodi ya nyumba. Upweke usio na swali hugeuka wasiwasi, au hugeuka simu.

Swali zuri huwa ni jambo uliloliona kwa macho yako, likakukera, na watu wakakuambia achana nalo. Mama lishe anajua chapati zake zinakuwa ngumu ifikapo saa kumi jioni, lakini za Jumamosi moja hazikuwa ngumu, na hajui alifanya nini siku ile. Fundi cherehani anaona sare za shule zinachanika mahali palepale kwapani, mwaka baada ya mwaka. Mkulima wa nyanya ana tuta moja ambalo ugonjwa haulifiki. Haya ni maswali. “Nataka kubuni kitu kikubwa” ni hamu tu.

Liandike kwa sentensi moja, na uweke namba kama zipo. Mpemba aliposimama mbele ya Profesa Osborne, aliyekuwa ametembelea shule yao ya Mkwawa, hakuuliza kuhusu maajabu ya barafu. Aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Profesa hakuweza kucheka, kwa sababu swali lililoulizwa hivyo linaweza kupimwa.

Beba swali moja tu kwa wakati. Ukiwa nayo matano, mengine yaandike nyuma ya daftari uyafunike.

Hatua ya pili: Tafuta mahali na saa

Huhitaji chumba chako mwenyewe, ingawa ukiwa nacho ni heri. Unachohitaji ni mahali ambapo kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu hakuna anayekutegemea ujibu.

Saa iliyo rahisi kuliko zote ni alfajiri. Anayeamka kwa swala ya alfajiri tayari ameshaamka. Badala ya kurudi kitandani, baki pale pale ulipo na daftari. Nyumba nyingi huwa kimya hadi saa kumi na mbili hivi. Usiku wa manane nao una watu wake, lakini kwa mtu anayefanya kazi ya nguvu mchana mimi siupendekezi, maana mwili hulipiza.

Msikiti na kanisa ni mahali ambapo jamii yetu imekwisha kukubali kwamba mtu anaweza kukaa peke yake na asiulizwe. Siku kumi za mwisho za Ramadhani watu hukaa itikafu, na hakuna anayesema fulani ana maringo kwa kujitenga. Wakristo wana mafungo yao. Sisemi upeleke michoro ya mashine msikitini. Nasema mila ya kujitenga kwa muda ili moyo utulie si ngeni kwetu, na unaweza kuitaja nyumbani watu wakishangaa unachofanya.

Maktaba hatuitumii inavyostahili. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba kuu Dar es Salaam na nyingine mikoani. Nairobi ina McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Na kama unadhani maktaba ndogo ya kijijini haiwezi kumfikisha mtu mbali, mwangalie William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliikamua familia yake, ada ikakosekana, akaacha sekondari. Akawa anakwenda kwenye maktaba ya shule ya msingi ya jirani ili asiachwe nyuma na wenzake. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akawa anasoma picha na michoro. Katika kitabu kimoja cha nishati akaona picha ya mitambo ya upepo, na akiwa na miaka 14 akaanza kutengeneza wa kwake. Mwaka 2007 alialikwa Arusha kuusimulia mbele ya mkutano wa kimataifa.

Kutembea nako ni mahali. Charles Darwin alikuwa na njia ya kuzunguka kwenye shamba lake kijijini Downe, Uingereza, na aliipita kila siku akiwaza. Mtembezi hula miguu yake, lakini chagua njia unayoijua mno kiasi kwamba huhitaji kuiangalia: pembezoni mwa shamba, barabara ya ndani ya mtaa, ufukweni asubuhi wavuvi wakiwepo. Mwanamke asikubali kushauriwa na mtu yeyote atembee peke yake mahali pasipo salama kwa jina la ubunifu. Kwake uani wa jirani aliye kazini, au karakana ya ndugu siku ya Jumapili, ni afadhali.

Na hapa lazima niseme wazi: upweke haugawiwi sawa. Mama wa watoto watatu ambaye ni wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala hawezi kuambiwa tu “amka mapema zaidi.” Kwake njia inayofaa zaidi ni zamu. Tafuta jirani mmoja unayemwamini mwenye hali kama yako: Jumanne mchana watoto wote wako kwake, Alhamisi wote wako kwako. Halihitaji fedha, na kila mmoja anapata saa mbili.

Hatua ya tatu: Waambie watu wa nyumbani, mapema na kwa adabu

Kwetu mtu akikaa peke yake kimya, swali la kwanza ni “unaumwa?” la pili ni “nani kakuudhi?” Usipolitangulia litakufuata mpaka pale ulipojificha. Usijifungie chumbani bila neno ukadhani wataelewa. Omba, taja saa, taja mwisho wake, na toa kitu upande wako.

Kwa mzazi, kwa mfano: “Shikamoo mama. Kuna kazi naifikiria, nahitaji nikae peke yangu. Naomba kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nisiitwe, ila kukiwa na dharura. Nikitoka nachota maji na kuwapeleka watoto shule.” Mama aliyeambiwa hivyo atakulinda kuliko mlango wa chuma. Yeye mwenyewe atamzuia mdogo wako asikugongee.

Kwa mwenzi: “Baba Asha, Jumanne na Alhamisi jioni naomba ukae na watoto nimalize kile nilichokueleza. Jumatano na Ijumaa ni zako, nenda kwenye mpira, mimi nitakuwepo.” Timiza upande wako bila kukumbushwa. Ukivunja ahadi yako ya Ijumaa, Jumanne yako nayo imekwenda.

Watoto wadogo hawajui saa, lakini wanajua alama. Tundika kanga fulani mlangoni, ileile kila siku: ikiwa juu, mama hayupo ingawa yupo. Wiki ya kwanza wataijaribu. Usikasirike, usiishushe kabla ya wakati.

Na ndugu atakayesema unajitenga, unajiona, umeanza kuwa na siri? Mwonyeshe daftari. Si lazima aelewe kilichomo. Akiona kuna kitu kinafanyika, shaka hupungua.

Hatua ya nne: Simu

Ikae chumba kingine. Si mfukoni, si mezani ikiwa imelala kifudifudi. Kama hakuna chumba kingine, mpe mtu anayeaminika, au izime kabisa uiweke chini ya godoro. Anayetegemea simu kwa wateja, wakala wa pesa kwa mfano au dereva wa bodaboda, achague saa ambayo wateja hawapigi na awaambie wale wakubwa kwamba saa hiyo hapatikani. Andika kwa kalamu. Kama huna budi kurekodi sauti yako, zima data kwanza.

Hatua ya tano: Kaa, na uvumilie dakika za mwanzo

Hakuna anayekuambia jinsi dakika ishirini za kwanza zinavyochosha. Akili ikiona hakuna anayeita, inaanza kuita yenyewe: deni la dukani, maneno ya shangazi msibani, mtihani wa mtoto. Usipigane nayo. Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari, andika kila linalokuja kwa maneno mawili matatu, rudi kwenye swali. Yakishaandikwa huwa yanatulia, kwa sababu yanajua hayatasahauliwa. Baada ya siku kadhaa muda huo wa fujo hufupika.

Kisha andika majibu. Andika kumi, ukijua saba ni ya ovyo. Usifute. Usitafute jibu mtandaoni siku hiyo, kwani ukishasoma jibu la mwingine, la kwako halitokei tena. Utakuwa unalipima la kwake tu. Kutafuta kuna siku yake, na ni baada ya hapa. Kama swali lako ni la mikono, usiandike sana: kata karatasi, kunja bati, chora mshono. Mikono hugundua mambo ambayo kalamu huyapita.

Simama ukiwa bado unajua kinachofuata. Andika sentensi ya mwisho inayosema kesho utaanzia wapi, funga daftari, nenda kachote maji uliyoahidi.

Kuna watu ambao hata saa hiyo moja hawaipati, na kwao nina jambo ambalo washairi wetu walikuwa nalo zamani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane na nane, na vina viwili vinavyoushikilia. Umbo hilo linabebeka kichwani bila karatasi. Unaweza kufua, kutwanga, kuendesha punda, kushona wavu, huku ukigeuzageuza ubeti mmoja hadi ukae sawa, kisha ukauandika usiku. Hilo hufanya kazi hata kwa asiyetunga mashairi: lipe swali lako umbo fupi unaloweza kulikariri, na utakuwa na faragha ndani ya kichwa ukiwa katikati ya watu. Kazi ya mikono inayojirudia ni rafiki mkubwa wa kufikiri, mradi redio izimwe.

Hatua ya sita: Jipe uhuru wa kukosea kwa bei ndogo

Upweke peke yake hautoshi. Mtu anaweza kuwa peke yake na bado akaogopa kila kitu: kuharibu kitambaa, kupoteza unga, kuchekwa. Uhuru ninaousema hapa ni wa kufanya jambo ambalo huenda likashindikana na kesho yake maisha yakaendelea.

Uhuru huo una bei, kwa hiyo ishushe. Kamkwamba hakununua mtambo. Aliokota kwenye takataka za chuma feni ya trekta, akapata fremu ya baiskeli na dinamo, akapasua na kunyoosha mabomba ya plastiki yakawa mapanga, akasimamisha mnara wa miti ya mikaratusi. Walimwona amerukwa na akili. Lakini vingi kati ya vitu vile vilikuwa vya kutupwa, hivyo angeshindwa hasara ingekuwa ndogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kutafuta kazi Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya vipande vya ubao laini wa ujenzi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa. Angesubiri turubai na rangi za mafuta, tusingekuwa na mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake leo.

Kwa hiyo tenga akiba ya makosa. Mama lishe atenge robo kilo ya unga kwa wiki kwa ajili ya chapati zisizouzwa. Fundi awe na mfuko wa vipande. Mkulima atenge tuta moja, si shamba. Kikiisha kimeisha hadi wiki ijayo. Na usile kwenye akiba ya makosa hata siku ulipokwama, maana siku hiyo ndipo unapojifunza kwamba huna uhuru tena.

Jambo lingine linaloufunga uhuru ni kuwaza malipo katikati ya kubuni. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Teresa Amabile aliwapa waandishi vijana kazi ya kutunga mashairi mafupi. Baadhi yao kabla ya kutunga walisomeshwa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama fedha na sifa. Wengine sababu za ndani, kama furaha ya kucheza na maneno. Mashairi ya wale wa fedha na sifa yalionekana na waamuzi kuwa na ubunifu mdogo zaidi. Ni orodha tu waliyosoma, kwa dakika chache. Basi hesabu ya faida uifanye, na uifanye vizuri, lakini siku nyingine na kwenye daftari jingine.

Hapa nataka kukanusha jambo linalosemwa sana, kwamba mateso ndiyo hukuza kipaji. Watu humtaja mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka 22, alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Sehemu kubwa ya kifungo alikaa peke yake, hana karatasi wala ruhusa ya kuandika, akatunga mashairi kwenye karatasi za chooni. Diwani iliyotoka mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya lugha yetu. Lakini gereza halikumpa ushairi. Aliingia nao, umelelewa Mombasa na malenga waliomtangulia, na alifungwa kwa sababu alithubutu kuutumia uhuru wake wa kufikiri. Tuliyoyapata ni yale ambayo kuta hazikuweza kuyazuia. Ni mangapi zilizuia hatutajua. Upweke wa kulazimishwa ni adhabu. Mtu asikutendee hivyo akaita malezi ya kipaji, nawe usimtendee mtoto wako.

Kwa sababu hiyohiyo, jichunge. Ukiona hutaki kula na wenzako, usingizi umepotea kwa wiki, na ile saa ya kufikiri imekuwa saa ya kujichukia, hiyo si kazi tena. Iache, kaa na watu wako, na kama haliondoki nenda kituo cha afya useme hivyohivyo ulivyo.

Hatua ya saba: Kama wewe ndiye mwenye mlango

Hii ni kwa mwalimu, mzazi, fundi mkuu na bosi. Unayo nguvu ya kumpa mwingine kile ambacho Mpemba alikikuta kwa bahati.

Kampuni ya 3M ya Marekani tangu mwaka 1948 imewaruhusu wataalamu wake kutumia sehemu ya muda wa kazi, asilimia 15, kwa jambo wanalolichagua wenyewe. Mwaka 1968 Spencer Silver alipata gundi dhaifu iliyoshika na kubanduka, na kwa miaka hapakuwa na aliyejua inafaa nini. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyeimba kwaya kanisani, alichoshwa na vikaratasi vya alama vilivyokuwa vikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo. Akaikumbuka gundi ile. Vikaratasi vya kunata vilianza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980.

Huna kampuni, una karakana yenye vijana watatu. Waachie Jumamosi mchana, vipande vilivyobaki na vifaa visivyo hatari, na usiulize matokeo hadi mwezi uishe. Kwenye kikao, kabla mtu hajasema lolote, gawa karatasi na mpe kila mmoja dakika kumi aandike kimya. Kisha zisomwe zote bila majina, ya kijana wa mapokezi na ya mkurugenzi sawasawa. Mwalimu, mtoto akiuliza jambo linalopingana na kitabu, mpe vyombo viwili ajaribu. Huna haja ya kujua jibu.

Hatua ya nane: Rudi kwa watu, kwa mpangilio

Anza na mtu wa kazi hiyo. Mpemba alipofika Tanga mjini alimkuta rafiki yake mwuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba huingiza maziwa moto kwenye friza kwa sababu huganda haraka. Wafanyabiashara walikuwa wanalijua tayari jambo ambalo darasani lilichekwa. Mpishi, mvuvi, fundi bomba: mmoja wao huenda ana nusu ya jibu lako na hajawahi kuulizwa.

Wa pili awe mtu anayeweza kupima. Osborne alirudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta matokeo kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia hadi wapate matokeo sahihi. Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha ilivyo vigumu hata kwa mpimaji kuamini anachokiona. Mtafute mpimaji mwaminifu, umpe maelezo yote, na usimsimamie anapopima.

Maoni utakayopewa yaandike yote bila kuyajibu papo hapo. Ukianza kujibu utajikuta unatetea kitu ambacho bado kinakua. Yapeleke kwenye saa yako ya kesho yake, uyasome ukiwa peke yako.

Kikiwa ni kifaa au njia mpya ya kutengeneza kitu, usikianike hadharani wala kukirusha mtandaoni kabla ya kuuliza kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa sababu moja ya masharti yake ni upya, na kilichokwisha kuonyeshwa kinaweza kupoteza sifa hiyo. Ofisi ya serikali inayoshughulikia hataza Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI. Maandishi, nyimbo na michoro hulindwa kwa hakimiliki tangu vinapowekwa kwenye karatasi au kurekodiwa. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA ya Tanzania Bara, COSOZA ya Zanzibar na KECOBO ya Kenya, zitakusaidia kuweka kumbukumbu. Anayetaka jukwaa, Tanzania kuna mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yanayopokea wanafunzi na pia wabunifu wa mtaani wasio na shule. Uliza tarehe mapema katika ofisi za COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, au kwa afisa elimu wa wilaya yako, na uende na daftari lako la tangu siku ya kwanza, lenye tarehe kila ukurasa, kwa sababu mtu akidai wazo ni lake, hilo ndilo utakaloliweka mezani.